Vile Setilaiti Zilizorushwa Kutoka Pwani ya Kenya Zilishika Mashimo Meusi Yakikula Nyota

Ukienda Malindi usiishie tu kwa pizza na gelato za Waitaliano. Songa kaskazini kama kilomita 30 mpaka Ngomeni, kisha uangalie baharini. Kuna majukwaa ya chuma yamesimama hapo kwa maji tangu miaka ya sitini. Wasee wengi wakiyaona hudhani ni ya kuchimba mafuta, na hawajakosea sana, juu moja yake, Santa Rita, ilianza maisha ikifanya hiyo kazi. Lakini kati ya 1967 na 1988, hapo ndipo Waitaliano walikuwa wanarushia roketi. Roketi za ukweli, zenye setilaiti juu.

Na setilaiti mbili kati ya hizo ndizo zilifanya dunia ianze kuamini kwamba mashimo meusi ni kitu iko, si hesabu tu ya maprofesa.

Hii story haibongwi sana huku kwetu, na mimi naona ni noma. Tuiweke hapa yote: shimo jeusi linakulaje, linawaka aje, na wanasayansi wanaliangalia na nini.

Kwanza, shimo jeusi halionekani. Sasa tunaliona aje?

Shimo jeusi ni nyota kubwa iliyoisha mafuta, ikajiangukia yenyewe mpaka ikawa ndogo na nzito kupita kiasi. Mvutano wake ni mkali hadi mwanga ukiingia hautoki. Likikaa pekee yake huko angani, hulioni. Limezima, limenyamaza, hakuna form.

Lakini nyota nyingi huzaliwa zikiwa mbili mbili, zikizungukana kama watoto wa shule wameshikana mikono. Moja ikifa na kugeuka shimo jeusi, ile ingine inabaki hapo karibu, bado hai. Na kama ziko karibu vya kutosha, shimo linaanza kuvuta gesi ya mwenzake. Kula tu, mdogo mdogo.

Hiyo gesi haiangukii shimoni moja kwa moja. Inaingia ikizunguka, inatengeneza sahani kubwa bapa, kadizaini ya maji yakizunguka ndio yaingie kwa shimo la sinki. Gesi ya ndani inakimbia kuliko ya nje, zinasuguana, na msuguano unaleta joto. Karibu na shimo, joto linafika kama digrii milioni 10. Kitu chenye moto hivyo hakitoi mwanga wa kawaida sana. Kinatoa eksirei, ile ile ya hospitali ukivunjika mkono.

Na hii njia ya kutengeneza nguvu si mchezo. Jua letu likichoma haidrojeni, linageuza asilimia 0.7 pekee ya ule uzito kuwa nguvu. Gesi ikiangukia shimo jeusi, ni kuanzia kama asilimia 6, na kama shimo lenyewe linajizungusha kwa kasi, inaweza fika karibu 40. Kwa hivyo kitu cheusi kuliko vyote ndicho kinafanya jirani zake wawake kuliko vyote.

Shida ni moja. Hewa ya dunia inazuia eksirei zisitufikie, na tushukuru Mungu kwa hilo, la sivyo tungekuwa tumekaangwa kitambo. Ina maana ukitaka kuziona lazima upande juu ya hewa. Ndio maana hii sayansi ni changa hivi. Ilianza 18 Juni 1962, wakati Riccardo Giacconi na wenzake walirusha ka-roketi kutoka jangwa la New Mexico, kakakaa juu dakika chache tu, kakapata chanzo cha eksirei nje ya mfumo wa jua letu. Dakika chache! Giacconi akajua anahitaji kitu kitakachobaki huko juu.

12 Desemba 1970

Hicho kitu kilirushwa kutoka Ngomeni siku ya Jamhuri, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru. Ilikuwa setilaiti ya NASA ya kilo 140 na kidogo, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya eksirei pekee. Meneja wa mradi alikuwa mama anaitwa Marjorie Townsend, na ni yeye aliyependekeza jina: Uhuru. Neno la Kiswahili. Mpaka leo vyanzo vya eksirei vya orodha yake vina herufi U kwa jina, na hiyo U ni ya Uhuru. Orodha ya nne na ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339.

Mbona watu wa Marekani waje mpaka huku? Si ukarimu wa Wapwani pekee. Ngomeni iko kama digrii tatu tu kusini mwa ikweta. Hapo dunia inazunguka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, kwa hivyo roketi inapata msukumo wa bure kabla hata haijawashwa. Pia setilaiti ikizunguka juu ya ikweta inakwepa maeneo yenye chembe nyingi za mionzi, na vyombo vya kuhesabu eksirei vinabaki na kelele kidogo.

Uhuru haikuwa na kioo wala kamera. Ilikuwa na vihesabio viwili vya gesi vimeangalia pande tofauti, na yenyewe ikijizungusha polepole ikipapasa anga yote. Eksirei ikiingia, inahesabiwa. Basi. Lakini ikaelekezwa kwa kitu kinaitwa Cygnus X-1, na mambo yakawa mambo.

Hicho kitu kilikuwa kinametameta, kikipanda na kushuka ndani ya muda usiofika sekunde moja. Sasa fikiria hapa: kitu hakiwezi badilika chote kwa haraka kuliko mwanga unavyokivuka. Mwanga unakimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Kama kinabadilika chini ya sekunde, basi kipana chake ni chini ya hizo kilomita 300,000. Jua letu lina kipana cha karibu kilomita milioni 1.4. Kwa hivyo hapo kulikuwa na kitu kidogo kuliko nyota ya kawaida, na kinawaka vibaya sana.

Halafu 1971, katikati ya Machi na Aprili, Cygnus X-1 ikabadilisha tabia. Eksirei zake laini zikashuka mara kadhaa, na wakati uo huo redio ikatokea pahali ambapo haikuwa inasikika. Telskopu za redio zinaweza kuonyesha mahali kwa usahihi kuliko Uhuru, kwa hivyo zikaonyesha nyota kamili: HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto, kila upande ukifanya yake, wakaona hiyo nyota inayumba kila siku 5.6, inavutwa na mwenzake asiyeonekana. Hesabu za 2021 zinasema huyo mwenzake ana uzito wa kama mara 21 ya jua, na wako umbali wa miaka 7,200 ya mwanga.

Stephen Hawking alikuwa amewekeana dau na Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Akakubali ameshindwa 1990. Thorne akalipwa na gazeti la picha za watu wazima, si uongo.

Wale wanaolala, halafu wanaamka

Cygnus X-1 ni mlafi wa kila siku. Nyota mwenzake ni jitu la buluu linalopuliza upepo mwingi, kwa hivyo chakula hakiishi. Lakini mashimo meusi mengi ya aina hii si hivyo. Yana mwenza mdogo, mwepesi kuliko jua, na chakula kinatiririka kidogo sana. Hayo hulala miaka na mikaka, halafu siku moja yanawaka mpaka yanafunika kila kitu angani kwa eksirei.

Vitabu vingine vinaita huo ni mlipuko. Mimi hilo neno silipendi sana kwa hii kazi, juu hakuna kitu kinapasuka. Nyota iko, shimo liko, kesho wataendelea kuzungukana. Ni kuwaka tu, kama jiko lililomwagiwa mafuta.

Na sababu ya kuwaka ni rahisi kuielewa ukifikiria tanki ya choo cha kuvuta maji. Maji yanaingia polepole, tanki inajaa, hakuna kelele. Ukivuta, yote yanashuka kwa mpigo. Kisha inaanza kujaa tena. Sahani ya gesi inafanya hivyo hivyo. Ikiwa baridi, gesi haisuguani sana, kwa hivyo inajikusanya tu bila kushuka shimoni. Miaka inapita, sahani inanenepa, joto linapanda pole pole. Likikaribia digrii 10,000 hivi, atomi za haidrojeni zinaanza kupoteza elektroni zake, na hapo gesi inabadilika tabia ghafla: inanasa joto, inasuguana zaidi, inapata joto zaidi. Wimbi la moto linatembea sahani nzima. Gesi iliyokusanywa kwa miongo inashuka kwa wiki au miezi.

Hapa ndipo setilaiti ya pili ya Ngomeni inaingia. Ariel 5 ilikuwa ya Waingereza, ikarushwa kutoka jukwaa lile lile 15 Oktoba 1974. Tarehe 3 Agosti 1975 ikaona kitu kipya kwa kundi la nyota linaitwa Monoceros, pahali ambapo hapakuwa na kitu. Kikapanda. Kikapanda tena. Ndani ya siku chache kilikuwa kinawaka kuliko chanzo chochote cha eksirei kilichokuwa kimewahi kuonekana nje ya mfumo wa jua. Kikaitwa A0620-00, na hiyo A ni ya Ariel.

Watu wa Harvard wakaenda kwa stoo yao ya picha za zamani za anga, zile za vioo. Wakapata kwamba pahali hapo hapo, nyota ilikuwa imewaka mwaka wa 1917. Hakuna aliyejua wakati huo ilikuwa nini. Kutoka 1917 hadi 1975 ni miaka 58 ya kujaza tanki.

Utamu wenyewe ulikuja baada ya moto kuisha. Sahani ikiwaka, inameza mwanga wa ile nyota ndogo, huwezi ipima. Ikizima, nyota inaonekana, na unaweza kupima mwendo wake vile honi ya matatu inabadilika sauti ikikupita. Jeffrey McClintock na Ronald Remillard wakafanya hivyo na kuchapisha 1986: nyota inazunguka mara moja kila saa 7.75, kwa kasi ya zaidi ya kilomita 400 kwa sekunde. Hiyo ni karibu Nairobi mpaka Mombasa kwa sekunde moja, bila hata kusimama Mtito Andei. Ndio kitu kiweze kuishikilia nyota inayokimbia hivyo, lazima kiwe na uzito usiopungua kama mara 3 ya jua. Na zaidi ya hapo, nyota ya nyutroni, ambayo ni kitu kizito zaidi kinachoweza kusimama bila kujiangukia, haiwezi. Kinachobaki ni shimo jeusi pekee.

Hiyo njia ndiyo bado inatumika. Ngoja liwake, jua liko wapi, ngoja lizime, pima uzito. Mpaka sasa yaliyopimwa hivi kwenye galaksi yetu ni kama 20 tu, na mengine mengi bado ni washukiwa. Ndio maana kukosa moto mmoja ni hasara kubwa: ukichelewa wiki mbili, huenda usipate nafasi ingine maisha yako yote.

Juni 2015, moto wa wiki mbili

Mfano wa vile ukizubaa umekosa ni V404 Cygni. Ililala tangu 1989, wakati setilaiti ya Japani, Ginga, iliikuta ikiwaka. Picha za zamani zilionyesha iliwaka pia 1938 na 1956. Tarehe 15 Juni 2015, setilaiti ya NASA inaitwa Swift ikaona eksirei zikiruka kutoka huko. Kazi ya Swift ni kuangalia kipande kikubwa cha anga na kujigeuza yenyewe ikiona kitu, haingoji kuambiwa. Habari ikatumwa na ndani ya muda mfupi telskopu za dunia nzima zikageuka.

V404 ilikuwa inaruka kama taa ya klabu. Dakika hii inawaka, dakika ijayo imezama. Hadi watu wa kawaida wenye telskopu zao za nyumbani za upana wa sentimita 20 waliweza kuona mwanga wake ukipanda na kushuka, na data yao ikaingia kwa jarida la Nature. Kwa wiki kama mbili, ikazima. Mbona haraka hivyo? Telskopu kubwa ya visiwa vya Canary iliona upepo wa gesi ukitoka kwa sahani kwa kasi ya hadi kilomita 3,000 kwa sekunde. Shimo lilikuwa linatema chakula kingi kabla halijakimeza.

Na sasa kitu cha kukufurahisha: data ya Swift inashukia wapi? Malindi. Roketi ziliisha 1988, lakini antena za kituo, siku hizi kinaitwa Luigi Broglio, bado zinafanya kazi. Swift ikipita juu ya Pwani inatema data yake hapo. IXPE pia, setilaiti ya NASA na Italia iliyorushwa Desemba 2021, kituo chake kikuu cha kushukisha data ni hicho hicho.

Nyimbo mbili za moto mmoja

Ukifuata moto mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho, utaona una hali mbili kubwa. Mwanzoni eksirei ni kali, zile zenye nguvu nyingi. Hizi hazitoki kwa sahani yenyewe, zinatoka kwa wingu la moto sana lililo karibu na shimo, linaitwa korona. (Si ile ya 2020, tulia.) Wakati huo pia kuna mikuki ya gesi inayorushwa juu na chini kwa kasi ya kutisha, na hiyo ndiyo redio inasikia. Baadaye sahani inachukua usukani, eksirei zinakuwa laini, redio inanyamaza. Moto ukikaribia kuisha, eksirei kali zinarudi na redio nayo inaamka. Ndicho kitu Uhuru ilikuwa imeona kwa Cygnus X-1 ile 1971: eksirei laini chini, redio juu. Ilikuwa mara ya kwanza.

Lakini korona iko wapi hasa, na ina umbo gani? Hapo maprofesa wamezozana miaka mingi. Machi 2018 wakapata bahati. Kamera ya Kijapani, MAXI, iliyofungwa kwa kituo cha kimataifa cha anga za juu, iliona MAXI J1820+070 ikiwaka, umbali wa kama miaka 10,000 ya mwanga. Jirani yake kwa kituo hicho ni chombo kinaitwa NICER, chenye uwezo wa kuandika saa ya kila eksirei inayofika kwa usahihi wa chini ya milioni moja ya sekunde.

Wakatumia mwangwi. Piga nduru ukiwa ukingo wa Bonde la Ufa, sauti ikirudi unajua ukuta uko mbali kiasi gani. Hapa eksirei nyingine zinatoka kwa korona moja kwa moja, nyingine zinagonga sahani kwanza zikachelewa kidogo. Kwa zaidi ya mwezi mmoja, kuchelewa huko kukapungua na kupungua, huku ukingo wa sahani ukibaki palepale. Hesabu yao, iliyochapishwa Januari 2019: korona ilisinyaa kutoka kama kilomita 160 hadi kama kilomita 16. Kitu cha miaka 10,000 ya mwanga, na wanapima kilomita 16! Hiyo ni kama kutoka katikati ya jiji mpaka karibu na Kikuyu.

Mikuki yake nayo ilifuatwa na MeerKAT, zile sahani 64 za redio za Karoo, Afrika Kusini, na baadaye Chandra ikaiona kwa eksirei ikikimbia kwa kama asilimia 80 ya kasi ya mwanga.

IXPE yenyewe inaangalia upande ambao mawimbi ya eksirei yanachezea. Mei 2022 iliangalia Cygnus X-1, ule mgonjwa wa zamani wa Uhuru, na ikapata kwamba korona imetandazwa kufuata sahani, haijasimama kama mnara juu ya shimo. Agosti 2023 jingine likawaka, Swift J1727.8-1613, kati ya yaliyowaka sana miaka ya karibuni, na IXPE ikalifuata likihama kutoka eksirei kali hadi laini.

Sisi tuko wapi kwa hii picha?

Hapa nitasema kitu nafsi yangu inasema. Aprili 2023 Kenya ilirusha setilaiti yake, Taifa-1. Ilirushwa kutoka California, na roketi ya SpaceX. Wakati huo majukwaa ya Ngomeni yamekaa tu kwa maji yakishika kutu, na mtoto wa shule ya pale anaweza maliza darasa zote bila kuambiwa kwamba neno la lugha yake limeandikwa kwa orodha za anga dunia nzima. Si lazima turushe roketi kesho, hizo ni pesa zingine. Lakini data inashukia kwa ardhi yetu, na Kenya ni moja ya nchi nane za Afrika zilizo washirika wa mradi mkubwa wa redio wa SKA. Data ya NASA nayo ni ya bure mtandaoni, mtu yeyote mwenye laptopu na bando anaweza kuipakua. Kinachokosekana ni wasee wa kuisoma.

Na kuna kitu cha kuisubiri. A0620-00 haijawaka tena tangu 1975. Ukijumlisha ile miaka 58 unafika 2033. Shimo halina kalenda, inaweza kuwa kabla, inaweza kuwa baada sana. Lakini iko karibu kabisa na mstari wa ikweta wa anga, kwa hivyo kwetu inapita juu ya kichwa. Mwisho wa Desemba, kama saa sita usiku, tafuta zile nyota tatu za mshipi wa Orion, kisha uangalie mashariki yake, juu ya Sirius, ile nyota inayong'aa kuliko zote. Hapo katikati pataonekana giza tupu, juu kwa macho huwezi iona hata ikiwaka. Iko hapo, miaka kama 3,400 ya mwanga, na tanki inajaa.